Mpindo wa Najma

Vijana wangu wawili wa kikosi cha upimaji, mmeniandikia mkitaka niwaeleze kazi ilivyokuwa, kwa sababu mimi ndiye mzee wenu aliyestaafu. Nina miaka thelathini na tatu. Nimestaafu kwa maana kwamba nimerudi Machakos, nafuga kuku, na sina nia ya kushika tena mashine ya kupimia ardhi maisha yangu yote. Kuku hawaulizi vipimo umevipata vipi. Vyeo vyangu viko kwenye faili na havitawachukua dakika mbili kuvisoma. Nitawaeleza jambo moja tu, lile ambalo bado linachekwa ofisini kila anapofika mtu mgeni: jinsi nilivyoipoteza barabara.

Nilifika Doha mwaka 2012 nikiwa na shahada ya upimaji ardhi na nakala tisa za shahada hiyo, endapo nane zingepotea. Ofisi yetu wakati ule haikuwa hapo mlipo sasa, Industrial Area, kati ya fundi wa matairi na wapaka rangi za magari. Ilikuwa mtaa wa Najma, katika nyumba ya zamani tuliyopanga, yenye AC inayokupokea mlangoni na mkahawa wa Wakerala, wale Wahindi wa kusini, ng'ambo ya barabara. Najua mnaniuliza kwa nini tulihama pahali pazuri hivyo. Tutafika huko, na sitatoka na sifa.

Siku ya kwanza nilionyeshwa meza yangu pembeni, karibu na dirisha. Nilipovuta kiti nikaona chini, kwenye maungio ya vigae, doa jeusi la ukubwa wa sinia. Mtu mwingine angeendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimeusoma mkataba wangu mara sita na nilikumbuka kifungu cha mfanyakazi kuwajibika kwa uharibifu wa mali ya ofisi. Nikawaza: hawa wataamini doa hili nimelikuta? Nani atanitetea? Wakati wa chakula cha mchana nilibaki peke yangu, nikapiga magoti na karatasi za chooni na nusu ya limau, nikasugua. Doa likapungua. Kesho yake likarudi. Nikatoka kazini moja kwa moja hadi kwenye duka dogo la mtaani nikanunua zulia la kulifunika.

Aliyeligundua zulia ni Bakari. Bakari alikuwa dereva wetu na mshika fimbo ya kupimia, mtu wa Mombasa aliyekuwa amekaa Doha miaka mingi kuliko ofisi yenyewe. Aliongea Kiarabu cha mitaani kama aliyezaliwa nacho. Alisimama mbele ya meza yangu, akatazama miguu yangu kwa muda.

"Hebu niambie, kijana. Weye umesilimu lini?"

"Sijasilimu, mzee. Mimi ni wa kanisa."

"Basi mbona wakanyaga msala na viatu?"

Nilitazama chini. Zulia langu lilikuwa na kuba na minara miwili. Nilikuwa nimelichagua kwa sababu lilikuwa na ukubwa sawasawa na doa. Niliomba msamaha kwa Bakari, kwa bwana wa chai, kwa mhasibu aliyekuwa anapita tu, na usiku huo nikaandika barua ya kuomba radhi kwa ofisi nzima, ambayo Bakari aliisoma asubuhi na kuikunja mfukoni mwake. "Mpe mtu anayeswali," akasema, "na ununue jingine." Nikanunua lenye picha ya ngamia. Hilo halikumkera mtu, na doa nikalisahau. Kila nilipoketi nilikuwa nimeuweka mguu juu yake.

Bakari ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwa na karatasi yoyote. Chuo kilikuwa kimenifundisha kuamini mashine. Yeye aliamini mtaimbo mwembamba wenye tundu ubavuni, ambao ukiuzungusha ardhini unaleta juu udongo wa chini. Aliutoa, akaunusa, halafu akaniambia kama hapo paliwahi kuwa na shimo la taka, kisima, au zizi. "Mashine yako yajua uko wapi leo," aliniambia. "Haijui nani alipita hapa zamani." Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikayapigia mstari, na kama mtakavyoona sikuyatumia.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokaribia kwisha, mkuu wetu, mhandisi Hisham, Mmisri mtulivu anayefanya kazi Ijumaa bila kulazimishwa, alituita akatuonyesha picha ya angani iliyofifia. Katikati yake palikuwa na mstari mwembamba. Ilikuwa barabara ya kwanza kabisa ya magari upande ule, akasema, ya wakati ambapo wenye magari wa mji mzima walijuana kwa majina. Haikuwa ya lami. Walishindilia mchanga, wakaumwagia mafuta mazito yasiyosafishwa, wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili ili dereva asipotee jangwani. Baadaye mji ukaimeza. Nyumba zikajengwa juu yake bila mtu kujali.

Sasa palikuwa na mradi wa bomba kubwa la maji ya mvua. Ukanda wa barabara ile haukuwahi kugawiwa mtu, kwa hiyo bomba lingepita humo humo, na ukuta wowote uliosogea juu yake ungekatwa. Picha ilionyesha mwanzo na mwisho. Katikati palikuwa ukungu. Katikati hapo ndipo penye Najma.

"Itafuteni chini, kwa miguu," alisema Hisham. "Na waulizeni watu."

Kuwauliza watu ndiko kulikonishinda. Nilikariri salamu za Kiarabu ndani ya gari nikiwaza: je, mlango ukifunguliwa na mwanamke? Na nikisema salamu ya asubuhi, kumbe saa zao za asubuhi zimekwisha? Bakari alizima gari akasubiri. Mara ya kwanza nilikariri hadi adhana ya adhuhuri ikasikika, akashuka kwenda kuswali akaniacha humo. Mara ya pili nilifika mlangoni nikanyoosha mkono kubonyeza kengele, nikaona kengele ni mbili, nikarudi garini.

"Kulikoni?"

"Kengele ni mbili, mzee. Sijui ya wageni ni ipi."

Bakari alitazama usukani. "Bonyeza zote mbili, utakuwa mgeni mara mbili." Sikubonyeza hata moja.

Badala ya kuuliza, niliona mawe. Nje ya nyumba za zamani za Najma, kando ya lango, kulikuwa na viti vya mawe vya kukalia jioni, na mawe yake yalikuwa ya umbo moja, marefu, yenye mabaki ya chokaa. Mawe ya ukingo wa barabara! Nikaweka mashine, nikapima kila kiti, nikaunganisha nukta, na zikatoka katika mpindo mzuri sana, kama upinde. Kwa nini barabara ipinde hivyo katika ardhi tambarare? Hapo ndipo elimu yangu ilipofunguka. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja yenye sura iitwayo Mpindo wa Najma, nikieleza kwamba madereva wa kwanza waliogopa jua la machoni wakati wa asubuhi, hivyo wajenzi wakaipindisha barabara kwa huruma. Sikuwa na ushahidi wowote wa huruma hiyo. Nilikuwa na kielelezo cha rangi tatu.

Bakari alitoboa kwa mtaimbo wake mahali pawili kwenye mpindo wangu, akanusa. "Hapa nanusa udongo tu."

"Mafuta yatakuwa yameshayeyuka, mzee. Ni miaka mingi."

"Wewe ndiye msomi," alisema, na akaupangusa mtaimbo. Ninyi mkiambiwa hivyo na mtu kama Bakari, simameni.

Hisham alisoma ripoti, akaukubali mpindo, akasema ramani iwe tayari kwenda serikalini Jumapili asubuhi. Alhamisi tukatumwa kuweka alama nyekundu kwenye kuta zilizoangukia ndani ya mpindo. Ilikuwa Agosti. Nyumba ya tano ilikuwa ya mzee wa Kikatari aliyeitwa Abu Nasir, mjane, nyumba ya chini yenye mlango wa buluu. Mstari wangu ulikata chumba chake cha kupokelea wageni katikati. Nilikuwa nimeshapiga mstari mmoja wa msalaba kwa rangi ya kopo pale mlango ulipofunguka akatoka mwanamke mwenye ndoo.

"Nyinyi!" alisema kwa Kiswahili, kwa sababu alitusikia tukibishana. "Mnaandika nini kwa ukuta wa wenyewe?"

Jina lake Nafula, mtu wa Bungoma, mfanyakazi wa nyumba ile kwa mwaka wa tatu. Nilimweleza habari za barabara, bomba na mpindo. Nilimweleza hata jua la asubuhi. Alisikiliza huku ndoo ikiwa mkononi.

"Barabara ya wapi? Hapa?" Akaigeukia nyumba, kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndio msomi wao?"

"Mimi ndiye."

"Ulishawahi kuosha sakafu hii?"

Nilisema sijawahi.

"Mimi naosha kila siku ya Mungu. Kabla nije hapa nilikuwa nyumba ile ya nyuma, ile ya geti ya kijani. Kule Agosti ikifika, vigae vinatoa jasho nyeusi. Unasugua leo, kesho imerudi. Mama wa nyumba alidhani ni mimi mchafu. Kumbe chini kuna mafuta ya barabara ya kitambo, mzee huyu ndiye aliniambia. Hapa kwake? Hakuna. Hata tone."

Bakari alinitazama.

Abu Nasir mwenyewe alitoka akipapasa fremu ya mlango, maana macho yake yalikuwa yamedhoofu, akatuingiza ndani na kutupa kahawa kabla ya kuuliza tumekuja kufanya nini. Bakari alieleza. Mzee akacheka hadi akaweka kikombe chini. Bakari alitafsiri huku naye akijizuia: mawe yale aliyabeba mzee mwenyewe na kaka yake, kwa gari la kaka yake, barabara ilipokufa. Walimgawia kila jirani mwenye kutaka kiti. "Asema, walianza kwa shangazi yao, wakazunguka mtaa kufuata nani ni ndugu na nani ana binti mzuri. Ndiyo huo mpindo wako."

Nilikuwa nimepima ukoo wa mtu na kuuita barabara.

Nafula hakucheka. Alitusindikiza hadi nje, akasimama mbele ya ule mstari mwekundu. "Mkikata chumba hiki mzee hatakaa hapa. Mtoto wake anajenga Lusail, ule mji mpya, kila wiki anamwambia ahamie. Mzee anakataa kwa sababu ya hiki chumba, marafiki wake wanakuja hapa. Kule Lusail mtoto ana wafanyakazi watatu tayari." Akaweka ndoo chini. "Sasa mimi mnanipeleka wapi? Nina watoto wawili shuleni, na kafili wangu, mwenye kibali changu cha kukaa hapa, ni huyu mzee."

Nilirudi ofisini nikiwa na matoleo matatu ya kuungama: fupi, ndefu, na ile ambayo ndani yake nalaumu picha ya angani. Niliingia kwa Hisham, nikaanza na ndefu, nikachanganyikiwa, nikamalizia na fupi: "Mpindo si kweli. Ni viti."

Alivua miwani. "Ramani inaondoka Jumapili."

"Ndiyo, mhandisi."

"Barabara iko wapi?"

"Sijui."

"Unajua mtu ambaye hajui barabara iko wapi tunamfanya nini?"

Nilijua. Usiku ule nilifungasha sanduku langu, halafu nikalifungua kwa sababu pengine kufungasha mapema kungeonekana ni kukubali kosa, halafu nikalifungasha tena. Saa tano simu ikalia. Ilikuwa Bakari. "Acha sanduku," alisema, kana kwamba ananiona. "Yule dada kasema kesho uende kanisani na daftari."

Mnajua kwamba Wakristo wa Doha huabudu Ijumaa, kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi. Ibada ya Waafrika Mashariki ilipokwisha, Nafula alipanda kwenye ukingo wa kibaraza cha kanisa, akapaza sauti: "Wasichana wa Najma na jirani zake! Nani anasugua doa jeusi lisiloisha kila Agosti?"

Nilitarajia mikono miwili au mitatu. Ilinyanyuka zaidi ya kumi. Walinizunguka na daftari langu, wote wakiongea pamoja.

"Kwetu iko jikoni, karibu na friji!"

"Kwangu ni uani, chini ya ngazi. Mimi nimeambiwa nimemwaga mafuta ya kupikia. Miaka minne!"

"Injinia, andika upana pia, ni kama mkeka huu, ona."

Mmoja wa Uganda, mrefu, mwenye sauti ya kwaya, alinitazama kwa huruma. "Ssebo, wewe ulienda chuo miaka ngapi?"

"Minne."

"Na hukuwahi kutuuliza."

"Sikuwahi."

"Sawa. Andika."

Niliandika hadi mkono ukauma. Hakuna aliyenitisha hata mmoja, na nilishangaa jambo hilo kuliko doa lenyewe. Jumamosi alfajiri mimi na Bakari tulizunguka vichochoro vya nyuma ya nyumba zile na mtaimbo. Kila mahali walipotaja, udongo ulipanda juu mweusi, unanuka kama gereji. Saa nne niliketi kwenye mkahawa wa Wakerala nikaweka nukta zote kwenye ramani. Zilinyooka kama kamba iliyovutwa. Hakukuwa na mpindo wala huruma. Mtu fulani zamani alielekeza gari lake kusini, akaenda.

Palikuwa na pengo moja. Kati ya nyumba ya geti la kijani na duka la dawa hakukuwa na nukta hata moja.

"Hapa katikati hakuna msichana wa kazi?" Bakari aliuliza.

Nilitazama ramani. Halafu nikainua macho, nikatazama kupitia dirisha la mkahawa, ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa ofisi yetu. Bakari naye akatazama.

"Kijana," alisema polepole. "Lile zulia lako. Mbona ulilitandika?"

Hisham alikuwepo ofisini, kama kawaida yake. Alisimama nyuma yangu nilipovuta meza na kuliondoa zulia la ngamia. Doa lilikuwa pale, jeusi, lina unyevu wa Agosti, limeshalowesha miguu ya ngamia. Bwana wa chai, aliyekuwa akipita, alisema kwamba kabla sijaja alilisugua kila kiangazi, na kwamba amekuwa akiniombea dua kwa wema wangu wa kulifunika.

Hisham alipiga goti kwa suruali yake ya kazi, akanusa. Akabaki hapo hapo chini.

"Umekaa juu yake mwaka mzima."

"Ndiyo, mhandisi."

"Ukaliona siku gani?"

"Siku ya kwanza."

"Ukalifunika."

"Niliogopa ningelipishwa kigae."

Alinyanyuka akaenda dirishani. Sasa hapa ndipo mahali ambapo nawaomba msicheke, kwa dakika moja. Ramani ya mpindo ilikuwa mezani kwake, imeshapigwa mihuri, nzuri, ya rangi tatu. Mpindo ulikata nyumba ya mzee mmoja asiyeona vizuri. Mstari mnyoofu ulikata nyumba hii, na chumba cha kwanza kuangukia ndani yake kilikuwa cha Hisham mwenyewe, chenye AC mpya. Hakuna mtu serikalini ambaye angetambua tofauti. Alijua hivyo, na mimi nilijua kwamba anajua, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na wazo lolote kichwani.

Alichukua kopo la rangi nyekundu kutoka kwenye begi langu, akatoka nje, akapiga msalaba kwenye ukuta wa ofisi yetu. Mstari mmoja ulikwenda kombo. Akarudi, akaichana ripoti yangu katikati, akanipa nusu zote mbili. "Chora upya. Bila huruma." Kisha akamwambia Bakari, "Wewe nenda ukaoshe ukuta wa yule mzee."

"Huyu ndiye aliyeuchafua," Bakari alisema.

Kwa hiyo niliuosha mimi, kwa ndoo ya Nafula, naye akisimamia. Haikutoka yote. Alama ya waridi ilibaki na akaniambia niiache, ili nikipita nione.

Ndiyo maana mko Industrial Area. Ndiyo maana wakati wa joto, kompyuta zinapozima zenyewe na harufu ya rangi ya magari inaingia, wale wazee wa ofisi huniita Mpindo hadi leo, hata kwenye barua ya kuniaga. Kila nyumba niliyoipima baada ya hapo nilibonyeza kengele zote, na nilianza kwa kumtafuta anayeosha sakafu. Hiyo ndiyo mbinu yangu yote ya miaka saba, sina nyingine.

Mwaka 2019, siku mbili kabla ya kuondoka, Bakari alinipeleka Najma. Mlango wa buluu ulikuwa umepakwa upya buluu ile ile. Ndani ya chumba cha wageni wazee watatu walikuwa wakibishana juu ya mpira. Nafula alitoka na birika. Mwanawe wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne, alinionyesha picha kwenye simu. Nilitaka kusema kitu cha maana. Nilikuwa nimekiandaa njiani, matoleo matatu.

Alinimiminia chai, akanionyesha kiti cha mawe kando ya lango.

"Kalia barabara yako, injinia, chai uinywe ikiwa moto."